Wamekuzalia Tarehe 4 Julai

San Antonio, Texas

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya hiyo DD-214, hati yako ya kutoka jeshi la Marekani, nimeikuza kwenye simu mpaka herufi zikaanza kupotea. Ni kweli ulivyosema. Kisanduku cha 5 kimeandikwa 19910704, yaani wamekuzalia tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wao. Nilicheka kwanza. Sisi tumezoea kutanguliza siku kisha mwezi, 07/04/1991 kwa tarehe 7 Aprili, na karani wa huku akiiona hiyo anasoma mwezi wa saba, siku ya nne. Hakuna aliyekukusudia ubaya. Lakini hao wa mkopo wa nyumba waliokurudishia karatasi zako hawaulizi nia ya karani, wanaona tarehe mbili za mtu mmoja, basi.

Sasa nisikilize. Umeniandikia mambo mawili kwa pumzi moja. Unataka wakurekebishie tarehe, na papo hapo wakuandikie jina jipya ulilochukua mwaka jana ulipoapa uraia, lile fupi la majina mawili. Yatenge. Ukiyapeleka pamoja, la pili litalikwamisha la kwanza.

Tarehe ni kosa. Jina si kosa, ni badiliko. DD-214 inaeleza ulikuwa nani siku ile unatoka jeshini, na siku ile ulikuwa na majina yako matatu, lako, la baba na la babu, na kwa hayo matatu ulilipwa mshahara na kupandishwa cheo. Jeshi kwa kawaida halirudi nyuma kuandika jina ambalo mtu alilipata baada ya kuvua sare. Wanawake wanaoolewa baadaye na kubadili jina huambiwa hivyo hivyo. Dawa yake ni kuambatanisha: kila unapotoa DD-214, toa pamoja nayo hati ya korti iliyokubadilishia jina. Halafu hakikisha ofisi ya soshali (Social Security) na VA, idara ya wakongwe wa jeshi, kila mmoja kivyake, wana jina jipya. Usidhani ukimwambia mmoja wengine watasikia. VA ina faili zake na jeshi lina zake.

Turudi kwenye tarehe, maana hiyo ndiyo ya kupigania.

Kabla hujajaza fomu yoyote, tafuta kosa lilizaliwa wapi. Omba faili lako zima la utumishi, si DD-214 peke yake. Unaweza kuomba kwenye mtandao wa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa au kwa fomu ya SF-180, na kwa mkongwe mwenyewe nakala za kawaida ni bure. Likija, fungua DD Form 4, ule mkataba uliotia sahihi siku ya kuandikishwa. Tazama tarehe ya kuzaliwa humo. Ikiwa ni 19910407, una kesi nyepesi: jeshi lilijua ukweli, likauandika vibaya wakati wa kukutoa. Ikiwa nayo ni 19910704, usishtuke ukiiona sahihi yako mwenyewe chini ya kosa. Vijana wetu wengi siku hiyo hutia sahihi popote wanapoonyeshwa kidole. Hapo itabidi ushahidi wako uwe wa zamani kuliko mkataba: cheti cha kuzaliwa, pasi ya Kenya uliyoingilia nayo, kadi ya ukaazi.

Wewe una bahati, ulizaliwa hospitali na cheti kipo. Wapo wenzetu waliopitia kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma ambao karatasi zao zote zinasema 1 Januari, kwa kuwa siku ile ya kuandikishwa kambini hapakuwa na la kuandika. Akija mmoja wao kwako akisema jeshi limekosea umri wake, mwambie ukweli. Jeshi limenakili alichokileta. Tarehe ile imekaa kwenye makaratasi ya uhamiaji, na ni huko atakakoanzia, si kwa jeshi. Na kama aliapia tarehe hiyo akapata uraia, basi ana mlima mbele yake. Mimi binafsi namshauri wa namna hiyo aishi na Januari yake ilimradi karatasi zote zinakubaliana.

Kosa la wazi la maandishi, lenye ushahidi mkononi, mara nyingi jeshi lenyewe hulisahihisha bila kufika mbali. Unaandika barua fupi, unaambatanisha nakala, na wakikubali wanatoa DD-215. Hii si DD-214 mpya, ni karatasi ya masahihisho, na utatembea nazo mbili pamoja maisha yako yote. Usiibane kwa pini ikachakaa. Weka zote mbili kwenye bahasha moja. Wakikataa, ndipo unajaza DD Form 149 kwenda kwa bodi ya jeshi la nchi kavu ya kusahihisha kumbukumbu. Bodi ni mlango wa mwisho, inataka kuona umeshabisha hodi kwingine. Sheria inakupa miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kusamehe kuchelewa ikiona haki inadai hivyo. Usitegemee huo msamaha. Ujumbe ulionitumia una tarehe, na wewe mwenyewe umeandika kwamba umeliona kosa. Ukifika kwa bodi, jiandae kungoja. Sheria inawaruhusu mpaka miezi 18.

Maelezo yako yawe mafupi. Kisanduku kipi, kimeandikwa nini, kilipaswa kuandikwa nini, ushahidi ni upi. Usiwasimulie safari yako toka Mombasa. Usitume karatasi ya asili hata moja. Na usimlipe mtu: kaunti nyingi zina ofisa wa kuwasaidia wakongwe, na hatozi. Anayekutaka dola mia tatu kukujazia fomu ya bure, muage kwa heshima.

Jambo moja nilikemee mapema. Usiguse DD-214 kwa mkono wako, hata kwa penseli, hata kwenye picha ya simu. Najua vijana mna programu za kubadilisha namba ikatoka safi kabisa. Kosa la karani litageuka kosa lako, na hilo lina jela.

Kuhusu nakala: hakikisha unayo ile iliyoandikwa Member-4 pembeni chini. Member-1 haionyeshi sababu ya kutoka wala namna ulivyoagwa, na wengi wataikataa. Weka nakala mahali pawili. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka kwenye jengo la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, ukala faili kati ya milioni 16 na 18. Jeshi la nchi kavu lilipoteza karibu asilimia 80 ya faili za waliotoka kati ya 1912 na 1960. Kwa jeshi la anga, zilizonusurika ni za wenye majina ya mwanzo wa alfabeti. Kuanzia Hubbard kushuka chini, robo tatu zilikwenda. Hapakuwa na nakala za ziada. Mpaka leo wapo wajane wanaothibitisha utumishi wa waume zao kwa stakabadhi za mshahara na barua za zamani zilizokaa sandukuni.

Utaniona ninalishupalia hili, na sababu unaijua. Ile Sanamu ya Askari ya Mombasa uliyokuwa ukiipita ukienda shule iliwekwa kwa ajili ya Waafrika waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia. Zunguka yote, hutakuta jina la mtu hata mmoja. Wa kwetu waliokwenda wakabaki huko hawakuandikwa hata kwa makosa.

Kwa hiyo wiki hii omba faili, na likifika nitumie ukurasa wa kwanza wa DD Form 4 kabla hujaandika barua kwa yeyote. Cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa nitamwomba dadangu akifuatilie huko nyumbani. Nitampigia Ijumaa baada ya sala. Wewe usimtangulie kumpigia. Akisikia unanunua nyumba atataka kujua ni nani atakayeipikia, na cheti hakitatoka mwezi huu.

Mjomba wako