Tuliongoja Viza Kish

Viza ya mwanafunzi haikuwa yangu, ilikuwa ya chuo. Chuo ndicho kilichoiomba, jina la chuo ndilo lililoandikwa mahali pa mdhamini, na nilipomaliza stashahada ya uhasibu mjini Sharjah mwaka 2003 chuo kikaifuta, kama sheria ya Falme za Kiarabu ilivyotaka. Nikabakiwa na siku 30 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Zikipita hizo ni faini ya kila siku, Ijumaa na sikukuu zikihesabiwa vilevile. Na mimi nilikuwa mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Tanga.

Naandika haya baada ya zaidi ya miaka 20 kwa sababu kila inaposimuliwa habari ya viza za Ghuba, wanaosimuliwa ni waliovunja sheria: waliozidisha muda, waliowakimbia makafili wao, yaani wadhamini, waliojificha wakisubiri msamaha wa serikali. Watu hao walikuwepo, na misamaha ilitolewa kweli, mwaka 1996, mwaka 2003 na tena mwaka 2007. Lakini lilikuwepo kundi jingine ambalo halitajwi. Ni watu waliotoka walipoambiwa watoke, wakaenda kungoja mahali walipoambiwa wangoje. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa na bahati ya kupata watu. Pale Deira, mjini Dubai, aliishi mama mmoja wa Kizanzibari aliyeondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, mjane, mlango wake wazi kwa kila mwanafunzi aliyezungumza Kiswahili. Ijumaa tukila kwake wali wa nazi na mchuzi wa papa, Wabara, Wakomoro na Wamombasa, sinia moja. Mwanawe alikuwa na pasi ya Falme, naye ndiye aliyekubali kuwa kafili wangu kwa viza ya matembezi. Viza hiyo ilikuwa ya miezi miwili, na mwezi wa tatu kwa kulipia. Katika muda huo nilipata kazi kwenye kampuni iliyosafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo na Darajani, nayo ikaanza kunishughulikia viza ya ajira.

Hapa ndipo habari ya mpaka inapoingia. Utaratibu wa miaka ile haukukuruhusu kuhama kutoka viza moja kwenda nyingine ukiwa ndani ya nchi. Ilikubidi utoke, pasi igongwe muhuri wa kutoka, viza mpya itolewe wewe ukiwa nje, kisha uingie upya. Kurudi Dar es Salaam kwa ajili ya mihuri miwili kulihitaji nauli ya mishahara kadhaa. Kwa hiyo watu wa hali yangu walikwenda Kish, kisiwa cha Iran kilichokuwa eneo huru la biashara, ambako mgeni aliingia bila viza na kupewa siku 14. Toka Dubai au Sharjah ni chini ya saa moja kwa ndege. Mashirika madogo yaliuza tiketi ya kwenda na kurudi kwa dirham mia chache.

Siyo wote waliokwenda Kish. Raia wa nchi 33, wengi wao wa Ulaya, pamoja na Wamarekani, Wajapani na Waaustralia, walipewa viza pale pale mpakani. Nilisoma darasa moja na Mwingereza ambaye viza yake ya uanafunzi ilifutwa wiki moja na yangu. Alichukua gari asubuhi, akaenda Hatta, akatoka upande wa Oman, akageuza, akarudi na muhuri mpya, na alasiri tulikuwa pamoja tunakunywa chai. Yeye alikuwa kijana mwema na hakuona lolote la ajabu. Stashahada zetu zilikuwa na sahihi ile ile ya mkuu wa chuo.

Kulikuwa pia na Buraimi, ambayo watoto wa leo hawataamini. Ni mji wa Oman ulioshikana na mji wa Al Ain wa Falme, na kabla ya uzio kuwekwa mwaka 2006 ulikuwa ukivuka barabara tu. Tulikuwa tukienda sokoni siku za mapumziko, na huko utamkuta mwenye duka, Mwomani aliyezaliwa Zanzibar, anakuuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Kituo cha uhamiaji cha Oman kilikuwa mbali huko mbele, njia ya kuelekea Sohar, kwa hiyo hakuna aliyekugongea chochote. Ulikuwa umeingia nchi nyingine kwa miguu yako, na sheria haikukuhesabu kuwa umetoka.

Mara ya kwanza nilipokwenda Kish, kutoka uanafunzi kwenda viza ya matembezi, mambo yalipita haraka. Karatasi yangu ikafika kabla sijajua majina ya niliolala nao chumba kimoja. Mara ya pili ilikuwa mwishoni mwa Januari 2004, na hiyo ndiyo ninayoikumbuka.

Mandubu wa kampuni, yule anayezunguka na makaratasi kwenye ofisi za serikali, aliniambia viza imekwisha pita, imebaki kuchapwa tu. Nikaondoka na begi la mkononi. Kumbe Idd el Hajj ilikuwa mlangoni, tarehe 1 Februari, na ofisi za Falme zilifungwa siku nyingi. Sikukuu ilipokwisha tukaangukia Alhamisi na Ijumaa, mapumziko ya serikali ya wakati ule. Kila ndege iliyotua ilileta watu, na karibu hakuna aliyekuwa akiondoka. Hoteli zilizozoea watu wa viza zilijaa, tukalala wanne, halafu sita, halafu magodoro yakatandikwa kwenye varanda.

Maisha ya pale yalizunguka mashine ya faksi. Mdhamini akiipata viza huko Dubai, alituma nakala hotelini, na mapokezi yakabandika majina ubaoni. Asubuhi na jioni kundi la watu lilisimama mbele ya ubao ule: Wafilipino, Wahindi, Wapakistani, Wamisri, Wasudani, Wakameruni, Waethiopia. Jina lako likiwemo, walikupigia makofi. Likikosekana, ulirudi chumbani bila kusema neno. Nilijifunza kulisoma jina langu katika maandishi ya mkono wa Muirani, na hadi leo naweza kulichora kama alivyokuwa akiliandika.

Wenye pesa walikodi baiskeli, wakazunguka kisiwa kwa njia ya pwani, wakaenda magharibi kuitazama meli kuukuu iliyokwama pale tangu 1966 ambayo wenyeji huiita meli ya Mgiriki. Mimi nilikwenda zaidi Harireh, magofu ya mji wa kale upande wa kaskazini. Kish ilikuwa bandari kubwa ya Ghuba katika karne ya 12 na ya 13, kabla ya Hormuz kuipiku. Nilikaa kwenye zile kuta nikiikumbuka Tongoni, kilometa chache kusini mwa Tanga, ambako wazee wetu husema waliojenga walitoka Shirazi. Kama walitoka huko au la, wenye elimu na wabishane. Ninachojua ni kwamba wafanyabiashara wa bahari hii walikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi, wakangoja upepo miezi mizima ugenini, na hapana aliyewauliza kafili wao ni nani.

Walioniuma zaidi ni wale waliosahauliwa. Mama mmoja wa Kifilipino alikuwa amekwisha omba kuongezewa muda kisiwani, pesa zimemwishia, na hoteli ilimwachia kitanda kwa kufua mashuka. Kampuni iliyomtoa Dubai haikupokea tena simu yake. Kijana mmoja wa Kikameruni alimwonyesha kila mgeni aliyefika barua ya ajira yenye muhuri mzuri wa rangi ya buluu. Barua ilikuwa ya kweli, viza haikuwahi kuombwa. Hawa hawakuwa wamevunja sheria yoyote ya nchi yoyote. Walitoka kwa tarehe iliyoandikwa kwenye pasi zao. Aliyekuwa na neno la mwisho juu yao ni mtu mmoja tu, mdhamini, na mdhamini hakulazimika kujibu simu.

Jumanne, tarehe 10 Februari, kisiwa kilikuwa kimepambwa bendera kwa maadhimisho ya miaka 25 ya Mapinduzi ya Iran, yaliyokuwa kesho yake. Asubuhi liliondoka kundi la watu ambao viza zao zilikuwa zimefika. Sikuwa na rafiki wa karibu kati yao, niliwajua kwa sura za foleni. Ndege ilikuwa Fokker 50 ya shirika la Kish Air, inakwenda Sharjah, watu 46 ndani yake. Ilianguka karibu saa sita mchana ikiwa imekaribia kutua. Walikufa watu 43.

Habari ilitufikia kwa simu kabla ya televisheni. Kijana wa mapokezi aliishusha simu, akabaki kimya, kisha akaanza kuuchomoa ubaoni ukurasa wa majina ya asubuhi ile. Mhindi mmoja alimshika mkono, akamwomba auache. Ukaachwa. Watu walisimama mbele ya majina yale wakiyasoma kwa sauti ndogo, kila mmoja kwa matamshi ya kwao.

Jioni niliitwa kwenye simu. Alikuwa yule mama wa Deira, ambaye alipiga hoteli moja baada ya nyingine hadi akanipata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. U hai?"

"Ni hai, mama."

"Basi usiseme zaidi. Nyumbani Tanga nitawapigia mimi, wasije wakasikia redioni kabla ya kusikia sauti ya mtu."

Alifanya hivyo. Mama yangu mzazi alipata habari ya ajali na habari ya uzima wangu kwa pumzi moja, na hadi anafariki alikuwa akimtaja mama yule katika dua zake.

Uchunguzi ulikuja kueleza kwamba pangaboi za ndege ile ziliingia katika hali inayotumika ardhini tu, ilhali ndege bado iko angani. Hiyo ndiyo sababu ya kuanguka. Lakini mimi huuliza pia sababu ya watu wengi namna ile kuwemo ndani yake. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa Falme, waliokuwa na vyumba vyao, vyungu vyao na mishahara yao ng'ambo ile ya bahari. Walivuka kwa ajili ya mihuri.

Kesho yake faksi iliendelea. Majina mapya yakabandikwa, na waliotajwa ilibidi waamue. Sikumwona aliyekataa kupanda, kwa kuwa boti za pale zilikwenda Iran bara, na huko mtu wa viza hakuwa na ruhusa ya kwenda. Jina langu lilipotoka nilipanda ndege ndogo ya pangaboi pamoja na watu waliokuwa wakisoma Ayatul Kursi, rozari na sala ambazo sikuzifahamu. Hakuna aliyezungumza hadi magurudumu yakagusa lami. Uhamiaji wakanigongea muhuri, nikaenda kazini, nikafanya kazi Deira miaka mingi.

Mwaka 2008 Falme zilibadilisha viza za matembezi, zikawa za mwezi mmoja au mitatu, na mtu akatakiwa akae nje mwezi mzima kabla ya kuomba nyingine. Baadaye iliruhusiwa kubadilisha viza ukiwa ndani kwa kulipia. Mwaka 2022 ikaja viza ya mtafuta kazi isiyohitaji mdhamini, kwa wenye sifa maalumu. Haya ni maendeleo, nayasema kwa moyo mweupe. Lakini mwisho wa mwaka huo huo wengi walirudi tena kwenye mabasi ya kwenda Oman na ndege za kwenda na kurudi siku moja, kwa sababu kuongezewa muda ndani ya nchi kulisimamishwa. Mpwa wangu alimaliza chuo Dubai, naye aliniuliza swali lile lile nililomuuliza mandubu wangu: je, nitoke sasa?

Nilimjibu hivi, na nawajibu hivi wote wanaosoma ugenini. Anza habari ya viza inayofuata kabla ya mtihani wa mwisho, wakati chuo bado ni mdhamini wako. Weka nakala ya kila karatasi kwa mtu wa nyumbani. Uwe na nauli ya kurudi kwenu, mbali na ile ya kuvuka mpaka. Na mwajiri akikuambia viza imekwisha pita, imebaki kuchapwa tu, usitoke. Taka kwanza kuiona, yenye jina lako na namba ya pasi yako, ndipo ukate tiketi.