Ukungu wa Kanaba na Hita ya Gari Letu

Wasomaji wenzangu wa ukurasa huu, hasa nyinyi ambao kazi imewapeleka katika wilaya za milimani, hamhitaji kuelezwa baridi ya Kigezi. Wako wadhanio kwamba nchi iliyopitiwa na Ikweta haina haja ya hita ndani ya gari, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipolinunua gari letu kuukuu, aina ya Toyota, nilikagua tairi, breki na taa. Swichi ya hita sikuigusa hata kwa kidole.

Mke wangu ni askari polisi. Wakati huo alikuwa akikaa kambini Kisoro, ilhali mimi ni mtumishi wa ofisi ya elimu mjini Kabale. Pale kambini huniita Mwalimu kwa ajili ya cheti changu, ingawa chaki niliiacha miaka kadhaa iliyopita. Kila Ijumaa jioni nilivuka mlima kwenda kuiona jamaa yangu.

Msimu mmoja wa mvua mtoto wetu wa miezi saba alishikwa na homa ya mapafu, tukaambiwa tumpeleke Kabale. Tuliondoka saa kumi alfajiri. Tulipofika Kanaba, ambapo barabara huuingia msitu wa Echuya wenye mianzi, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, pumzi zetu zilikifunika kioo cha mbele kwa mvuke. Nikafungulia hita. Ikatoa upepo wa baridi. Mke wangu alikifuta kioo kwa lesu kwa mkono mmoja, mtoto akiwa katika mkono wa pili, lakini kila alipofuta mvuke ulirudi. Ikanilazimu kushusha kioo cha mlango na kutoa kichwa nje, na ubaridi wote ukamwingia mgonjwa. Penye kona moja nilimwona mtu akisukuma baiskeli yenye gunia la viazi, hatua nne tu mbele yangu. Nilimkwepa, sijui vipi. Hakuna aliyenena neno mpaka tulipofika Muko.

Mtoto alilazwa siku tano, akapona. Siku ya tatu, pale kitandani pake, mke wangu aliniambia kwa sauti ya chini, “Mwalimu, gari hili litengenezwe au liuzwe. Mimi na mtoto hatupandi tena.”

Nilikuwa nimefundisha sayansi, na niliona haya. Hita ya gari haina moto wake wenyewe. Maji yaliyopashwa na injini hupita katika mipira miwili hadi kwenye kijirejeta kidogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hukipuliza, na hewa ya moto hutoka. Basi hita ikiwa dhaifu, ama maji ni machache, ama hayapati moto, ama hayafiki, ama hewa haipiti.

Kwanza nilitazama maji, injini ikiwa imepoa. (Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kamwe injini ingali ya moto, maji huruka na kuunguza uso.) Yalikuwa yamepungua, tena yana rangi ya kutu. Nikaongeza, nikaendesha nusu saa. Mshale wa geji ya joto haukuvuka robo. Nikaishika ile mipira miwili ukutani mwa injini kwa uangalifu: yote miwili ilikuwa vuguvugu tu. Maji, kumbe, hayakuwa yakipata moto.

Hapo nikamwendea fundi mmoja mzee. Alifungua mahali pa themostati, akacheka: palikuwa patupu! Fundi fulani wa zamani alikuwa ameing’oa. Desturi hii imeenea sana kwetu, nami siipendi hata kidogo. Gari likichemsha, badala ya kutafuta chanzo, huing’oa themostati na kuitupa. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yapate joto la kutosha, aghalabu nyuzi 80 na zaidi. Isipokuwapo, maji hupoozwa tangu injini inapowashwa, na katika baridi ya mlimani injini haipati joto lake. Hunywa petroli zaidi, na abiria hutetemeka.

Tulitia mpya. Mshale ukapanda hadi katikati ya geji, nami nikashangilia mapema. Sasa mpira mmoja ulikuwa wa moto kabisa, wa pili karibu baridi. “Mwalimu, kijirejeta kimeziba,” alisema mzee. Miaka ya kutiliwa maji ya kisima ilikuwa imekijaza kutu. Aliifungua mipira, akapitisha maji safi kinyumenyume, polepole asije akakipasua. Yalitoka kama chai ya rangi. Alirudia mpaka yakawa meupe. Kisha tukatia maji ya dawa ya rejeta, gari likiwa limeelekezwa pua mlimani, kifuniko wazi, injini ikinguruma taratibu, ili hewa iliyonaswa itoke.

Jirani mmoja wa kambini alikuwa amenishauri nibebe sigiri ya makaa garini. Tafadhali msithubutu! Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini.

Mzee alinionyesha jambo jingine dogo ambalo ningalilijua zamani: kijiti cha hewa kilikuwa upande wa kuzungusha hewa ya ndani. Akakisogeza ili hewa ya nje iingie. Hewa ya ndani imejaa unyevu wa pumzi, na ndiyo hukiziba kioo.

Wiki tatu baadaye tulirudi Kisoro pamoja. Mke wangu alikuwa amemvika mtoto sweta mbili na kofia, bila shaka kwa kutoniamini. Kanaba ukungu ulikuwa mzito kama siku ile, lakini kioo kilikuwa safi hadi pembeni. Alimvua mtoto kofia, kisha sweta moja. Baadaye akasema, “Punguza kidogo, anatoka jasho.”