Maumivu Yasiyoonekana kwenye Picha

Maumivu yangu yana tabia zake. Huanza muda mfupi baada ya kula, upande wa kushoto chini ya mbavu, yakachimba kuelekea mgongoni, kisha yakaachia ghafla. Zipo wiki hayaji kabisa. Upo usiku nashuka kitandani nikajikunja sakafuni, na asubuhi naamka kwenda kazini mtu asijue.

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito India mwaka 2019, nikiwa na kilo 131, kisukari, na magoti yaliyokwishachoka. Tumbo lilikatwa kikabaki kifuko cha kuingia vijiko vichache vya uji, na utumbo mwembamba ukaunganishwa upya ili chakula kipite njia ya mkato. Sukari ilianza kushuka kabla hata sijakonda. Nikawa napanda ngazi za Kariakoo bila kusimama kupumua. Sikujutia, na hadi leo sijutii.

Ndiyo maana maumivu yalipoanza ilikuwa vigumu kulalamika. Aliyevunjika mguu hupelekewa uji na pole nyingi. Mimi niliulizwa kwa nini sikufanya mazoezi. Wifi yangu, ambaye najua ananipenda, alinikuta nimejikunja kwenye mkeka msibani akasema, "Si ulijitakia, wifi?" Nikanyamaza. Mazoea ya kunyamaza yakanifuata hadi kwa daktari: nasema yanauma kidogo, naye anaandika kidogo.

Duka la dawa la mtaani walinipa diklofenaki. Nilikuwa nimeonywa kabla ya kutoka India kwamba dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huchimba vidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo, kwa hiyo nikazirudisha, muuzaji akanikasirikia. Kamera ya tumboni haikuona kidonda. Ultrasaundi ikaona vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, jambo linalowapata wengi wanaopungua haraka. Nilifurahi! Nani hufurahia vijiwe? Mfuko ukatolewa, nikapona mshono, nikala samaki na ugali kiduchu, na maumivu yakarudi palepale. Si siri, nililia.

Daktari wa upasuaji aliyenisaidia alianza kwa kunikataza neno "kidogo". Alitaka saa, chakula, upande, na yanavyoachia. Kisha akachora. Utando unaoshikilia utumbo huachwa na mianya baada ya upasuaji wa aina yangu. Mmojawapo una jina la Petersen, Mjerumani aliyeueleza mwaka 1900. Mtu anapokonda, mafuta ya ndani nayo hupungua, mianya ikapanuka, na utumbo ukapenya, ukabanwa, ukajitoa wenyewe. Ukipigwa CT siku umetulia, picha inaweza kutoka safi. Yangu ilitoka safi. Akaingiza kamera kupitia matundu madogo, akaukuta utumbo umepenya, akaurudisha na kushona mianya kwa uzi usioyeyuka.

Ningependa kusema yaliisha siku hiyo. Makali yaliisha. Kilichobaki ni uchungu mdogo unaokuja na kuondoka, pengine wa makovu ya ndani yanayoshikamana, na huu nimejifunza kukaa nao. Nina daftari. Humo nimegundua kwamba chai yenye sukari nyingi hunitoa jasho na kunipeleka moyo mbio, kwamba nikinywa maji katikati ya mlo najuta, na kwamba siku zangu mbaya hufuatana na choo kigumu. Nakula polepole mno. Kwenye harusi sahani yangu humaliziwa na watoto. Nikizidiwa, nameza parasetamoli kwa kipimo na kutembea uani.

Mume wangu anayo ripoti ya upasuaji kwenye simu yake, maana daktari wa zamu hawezi kukisia utumbo wangu ulivyopangwa. Nimemwambia pia asichemshe mwarobaini wala kusubiri kukuche iwapo maumivu hayaachii, natapika, tumbo limejaa na hewa haitoki. Utumbo uliobanwa unaweza kufa kwa saa chache.

Iliwahi kutokea tukiwa nyumbani kwa wifi. Safari ile ilikuwa choo kigumu tu, nikaruhusiwa hospitalini asubuhi. Wifi bado anaamini mazoezi yangetosha, lakini bajaji ya usiku ule aliilipa yeye.