Maji ya Birika Yapungukapo Nguvu

Wako wadhanio kuwa pampu ya birika la bustani ni pambo tu la kufurahisha macho. Sivyo. Maji yaangukapo juu ya jiwe huchanganyika na hewa, na hewa hiyo ndiyo pumzi ya samaki. Katika nchi za joto kama hizi zetu, maji huchukua hewa kidogo kuliko yalivyo ya baridi. Na usiku mimea ya majini nayo huitumia badala ya kuitoa. Ndiyo maana pampu ikidhoofika, samaki huonekana alfajiri wakitweta juu ya maji.

Katika ua wa madrasa yetu, hapa Mombasa, tuna birika la namna hiyo. Wanafunzi wanafuga humo perege, ambao hula viluwiluwi vya mbu. Maji yalipoanza kudondoka badala ya kumwagika, mzee mmoja wa kamati aliniambia, “Maalim, pampu hii imekwisha umri wake. Tutoe zile fedha za mikeka tununue nyingine.”

Nikamjibu, “Mzee wangu, tustahimili hadi alasiri. Pampu bado haijahojiwa.”

Kabla ya yote, plagi ing'olewe ukutani, ndipo mkono uguse maji. Umeme wa volti 240 hauna mzaha na mtu aliyelowa, wala watoto wasiachiwe kazi hii peke yao.

Kisha maji hufuatwa njia yake tangu yaingiapo hadi yatokapo. Kina kikishuka, pampu humeza hewa ikavuma bure. Hiyo huinamishwa ndani ya maji mpaka mapovu yaishe. Letu lilikuwa limejaa. Lakini kichujio kilikuwa kimevaa ukoga wa kijani na majani ya mwarobaini, na naona mashtaka mengi ya pampu huishia hapo. Sifongo yake ioshwe kwa maji ya birika lenyewe, kwani dawa iliyomo katika maji ya mfereji huua vijidudu vyema vinavyokula uchafu wa samaki.

Tukapima kwa ndoo ya lita 20: ilijaa kwa dakika mbili, yaani lita 600 kwa saa, ilhali kibandiko chasema 1,500. Ni kweli kwamba hesabu ya kibandiko ni ya maji yasiyopandishwa popote. Lakini kupotea zaidi ya nusu kwa kimo cha dhiraa moja kulinitia shaka.

Mpira haukujikunja wala kuziba. Basi nikaifungua pampu yenyewe. Visima vyetu vimechimbwa katika jabali la matumbawe, na maji yake huacha chokaa. Kile kigurudumu chenye mapezi, kizungushwacho kwa sumaku, kilikuwa kimegandwa nayo kikizunguka kwa uzito. Tulikiloweka saa moja katika siki na maji nusu kwa nusu, tukakisugua kwa mswaki mkuukuu, tukakisuuza sana ili siki isiwafikie samaki. Ndoo ikajaa kwa sekunde 65. Fedha za mikeka zikabaki sandukuni.

Mapezi yakivunjika, ulizeni kwanza dukani kama kigurudumu chauzwa peke yake, nanyi mmekishika kile cha zamani mkononi. Lakini waya ukichubuka, au pampu ikikata fyuzi, hiyo itupwe.

Siku hizi wavulana wawili huosha kichujio kila Alhamisi kwa zamu, plagi ikiwa mkononi mwangu.