Mwaka wa Nyumba Yetu Unaanza Julai

Mume wangu ni fundi seremala, na kila Januari hakuna kitu kinachotoka haraka kwenye karakana yake kama kibubu. Vipande vya mbao vilivyobaki kwenye vitanda na makabati anavigonga misumari, anachonga tundu la kupitisha noti, anapaka vanishi na kuvipanga mbele ya mlango. Wiki mbili za kwanza havitoshi. Ikifika Machi hakuna anayeviulizia, na walionunua wanaanza kurudi mmoja mmoja wakati wa jioni, kibubu kwenye mfuko mweusi: "Fundi, nifungulie bila kukiharibu."

Nilikuwa nawacheka. Hiyo ni kabla ya Desemba 2019.

Mwaka huo tulikuwa na boma letu Kihonda, hapa Morogoro, kuta zimefika juu, bati hakuna. Nikaokota ule mchezo wa wiki 52 uliokuwa ukizunguka kwenye simu: wiki ya kwanza unaweka shilingi 1,000, ya pili 2,000, hadi wiki ya mwisho 52,000. Nilijumlisha kwa kalamu usiku mmoja wa zamu, mimi ni muuguzi, nikapata 1,378,000. Hela ya kuanzia kupaua. Mume wangu akatengeneza kibubu cha mninga, kizuri kuliko vyote alivyowahi kuuza, tukakiweka juu ya kabati la nguo.

Tarehe 20 Desemba tukakivunja. Mle ndani mlikuwa na shilingi 311,000. Nikakigeuza kile kibao cha chini nikaona misumari yake inang'aa kuliko ya ubavuni. Nikamwangalia. Yeye naye alikuwa ameshika kibao cha juu, anakipitishia kidole. "Mama watoto," akasema, "hili tundu mbona limepanuka?"

Yeye aling'oa misumari mara mbili, mteja alipochelewesha malipo na mbao za kazi nyingine zikatakiwa. Mimi nilitumia kitana cha mkia: msiba Mafiga, mchango wa harusi, nauli ya mdogo wangu. Kila mmoja alikuwa anakopa, na kila mmoja alikuwa na nia ya kurudisha. Tulinuniana siku tatu, kisha tukasema tatizo ni nidhamu.

Siku hizi nadhani tulijisingizia. Chukua tena hesabu ya mchezo ule. Hadi mwisho wa Septemba, wiki 39, unatakiwa uwe na 780,000. Wiki 13 zilizobaki zinakudai 598,000. Na wiki nne za mwisho peke yake ni 202,000, katika mwezi wa kipaimara, harusi, nauli za kwenda kwenu na zawadi za kwenda nazo. Aliyeubuni mchezo ule hakuwahi kuishi Desemba ya Mtanzania.

Mwaka uliofuata tukaupindua, tukaanza na 52,000 Januari. Wiki tatu za mwanzo ni 153,000. Ulikufa wiki ya tatu. Ada kwenye shule za serikali imefutwa tangu 2016, lakini viatu, sare na madaftari havikuingia kwenye waraka wa kuifuta, na watoto wana tabia ya kukua miguu likizoni.

Aliyetufungua macho ni mama yangu, ambaye hajawahi kuwa na kibubu. Analima mpunga Ifakara. Nilikwenda kumsaidia wakati wa mavuno, nikamkuta amepanga magunia yake sehemu tatu: ya kula, ya mbegu, na yale atakayoyauza bei ikipanda. Majirani walikuwa wanauza hapo hapo shambani, wanunuzi wamejaa na malori, bei iko chini kwa kuwa kila mtu anao. Nikamsimulia mkasa wa kibubu akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaniuliza: "Mwaka wenu nyie unaanza lini?"

"Si Januari, mama."

"Januari! Mimi Januari nina nini cha kuanzia?"

Nilirudi Morogoro na swali hilo kwenye basi. Tukakaa na mume wangu, tukachukua daftari lake la oda, tukaandika miezi 12 na mbele ya kila mwezi kilichoingia. Mshahara wangu ni mstari ulionyooka. Wa kwake ni vilima na mabonde: kuanzia Julai hadi Oktoba watu wametoka kuvuna, mvua hakuna, wanajenga, wanaoana, wanataka vitanda na fremu za milango. Masika, karakana ni mahali pa kucheza bao. Wataalamu kwenye redio hupenda kusema weka akiba kwanza, tumia baadaye. Ushauri mzuri kwa nyumba ya mishahara miwili. Kwetu, ambako nusu ya kipato ni kabati ambalo mteja hajalilipia, tulihitaji kwanza kujua ni lini tunacho.

Basi tukahamisha mwaka. Serikali yenyewe huanza mwaka wake wa fedha Julai mosi, nasi ni nani? Wiki ya kwanza ya Julai 2022 tukaweka 52,000, iliyofuata 51,000, tukawa tunateremka. Hadi mwisho wa Septemba tulitakiwa tuwe na 598,000, deni lile lile la robo ya mwisho, ila sasa linadaiwa wakati randa haipumziki. Januari nzima inataka 98,000. Masika inapokolea tunatafuta elfu kumi, elfu tisa.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili lilinisumbua zaidi: watu. Huwezi kuishi Morogoro na ukoo wa Ifakara halafu usichange. Kwenye kikoba chetu cha kinamama, mfuko wa jamii hukaa mbali na fedha za hisa; mwenye shida anasaidiwa na hisa za mtu haziguswi. Utaratibu wa vikundi vya namna hiyo ulianza kwa wanawake wa vijijini Niger mwaka 1991, ukatufikia huku, na mimi nilikuwa nimeukalia miaka mitano kila Jumamosi bila kufikiri kwamba unaweza kuingia nyumbani kwangu. Tukatenga 20,000 kila mwezi ya misiba na sherehe. Ikiisha, imeisha. Mara ya kwanza ilipoisha, orodha ya harusi ilipandishwa kwenye kundi la WhatsApp na jina langu likakaa siku tisa bila kitu mbele yake. Niliona aibu, sitadanganya. Nilikwenda siku mbili kabla, nikamenya vitunguu na kupika pilau hadi alfajiri. Bibi harusi hajaniuliza hadi leo.

Kutoka kikoba tulichukua pia kufuli. Kibubu kipya kina bawaba na kufuli mbili, ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao yeye, na kila mwisho wa mwezi tunafungua pamoja na kupeleka benki. Simwamini? Namwamini. Nisichokiamini ni kitana changu.

Juni 2023 tulikuwa na 1,216,000. Mtoto alilazwa, wiki kadhaa zikapita tupu, na hatukuzifidia. Bati nazo zilikuwa zimepanda bei tangu nilipopiga hesabu yangu ya zamu, kwa hiyo tulipaua vyumba viwili na sebule ikaendelea kuangalia mawingu. Tukahamia hivyo hivyo. Kodi ya miezi sita tuliyokuwa tunamlipa mwenye nyumba ndiyo iliyomalizia sebule mwaka uliofuata.

Vibubu bado vinatoka Januari. Mwaka huu nilikuwa karakanani, nikamwona kijana analipia kimoja, amejaa furaha, na nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie asubiri hadi Julai. Mume wangu akanikanyaga mguu. Kijana alipoondoka akaninong'oneza: "Ukiwaambia Julai, sisi Januari tutakula nini?"