Chungu cha Munkoyo kule Fungurume

Watu wengi wakisikia neno "pombe" hufikiri mara moja juu ya ugomvi, madeni na watoto waliolala na njaa. Hawakosei sana, maana mambo hayo yapo, nasi twayaona. Lakini si kila chungu hupika kitu kimoja, wala si kila nyumba iuzayo kinywaji ni nyumba ya kuangamiza watu. Leo napenda kuwaeleza habari za nyumba moja ndogo niliyoitembelea Fungurume, ili tupate kupambanua pamoja.

Fungurume ni mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Likasi kwenda Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, lililoanzishwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Vilima vyake vina shaba na kobalti. Zamani mafundi wa nchi hii waliyeyusha shaba katika tanuri za udongo, wakaimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha. Tangu mwaka 2009 mgodi mkubwa wa kisasa unachimba hapo, na malori yaliyosheheni hupita kuelekea Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Nanyi mwajua kwamba penye mshahara hapakosi mwuza kinywaji.

Mpwa wangu afanyaye kazi huko alitaka kunipeleka penye muziki mkubwa na chupa za Simba zitokazo Lubumbashi. Nikamwambia natamani munkoyo. Akacheka: "Mjomba, hicho ni kinywaji cha wazee!" Hata hivyo akanipeleka.

Nyumba yenyewe haina kibao mlangoni. Ni ua uliofagiliwa vizuri, wenye mwembe mmoja, mabenchi matatu na mapipa yaliyofunikwa kwa kitambaa safi. "Karibu, papa, kaa kivulini," alisema mama mwenye nyumba, akaniteka kinywaji kwa kata ya kibuyu. Nilikunywa polepole. Kina utamu na uchachu kidogo, na nyuma yake harufu ya mzizi, mithili ya udongo ulionyeshewa mvua.

Nilimwuliza anavyokitengeneza, naye hakunificha. Hupika uji mzito wa unga wa mahindi kwa saa nyingi, halafu huuepua na kuungoja upoe hata uwe vuguvugu. Hapo ndipo hutia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi hiyo ni ya mimea ya porini ya jamii ya kunde. Baada ya muda si mrefu uji hulegea, ukawa majimaji, na utamu ukatokea, kwa sababu mzizi una nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari. Akiitia mizizi uji ungali moto mno, nguvu hiyo hufa, na kazi yote hupotea. Siku ya kwanza hata watoto hunywa. Siku zifuatazo huchachuka, na kileo kidogo huingia. Tena hutengeneza kibuku kwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa.

Nikiwa nimekaa pale nilikumbuka maneno ya ndugu yangu mmoja aliyesoma Ubelgiji. Alinisimulia habari za mji wa kale uitwao Brugge, wenye vichochoro vya mawe na maduka madogo yauzayo bia za namna nyingi, kila moja na mtengenezaji wake na bilauri yake. Humo mna kiwanda ambacho ukoo mmoja umekishika tangu mwaka 1856. Mwaka 2016 walilaza bomba la bia chini ya mitaa, urefu wa kilomita tatu hivi, ili malori yasisumbue mji wa kale. Mwaka huohuo UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wageni hutoka mbali kwenda kuonja, nao humwita mtengenezaji fundi.

Basi nikajiuliza: mwenzetu wa Brugge hutumia shayiri iliyooteshwa ili wanga wake ugeuke sukari, mama huyu wa Fungurume hufanya kazi iyo hiyo kwa mzizi wa porini, bila kipimo cha joto, kwa kidole chake tu. Kwa nini yule aitwe fundi, na huyu aitwe "mama wa pombe", tena kwa dharau?

Mama alipoona nasikiliza, alinieleza lililomlemea. Fedha anazopata huzigawa mafungu manne: unga, makaa na maji, chakula cha nyumbani, na karo. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali hazitozi karo, lakini binti yake yuko sekondari, na huko hulipwa. Vijana wengi humwomba apike lutuku, ule moto unaokenekwa kwa mahindi na mihogo, kwa kuwa faida yake ni kubwa kuliko ya munkoyo. "Siwezi, papa," alisema. "Lutuku ndiyo iliyomwua mdogo wangu. Nitamwuzia mtoto wa mwenzangu kitu kilicholiza nyumba yetu?"

Tena mizizi inakwenda mbali. Msitu umekatwa kwa makaa na kwa mashamba, na wachimbaji wengine hung'oa mmea wote, wasiache kitu cha kuchipua. Lakini lililomwuma zaidi ni binti yake, ambaye huona haya wenzake wakijua kwamba daftari zake zimenunuliwa kwa fedha za munkoyo. Siku ile binti alikuwapo, akiandika hesabu za mauzo katika daftari, safi kabisa, bila kuinua macho. Nilimwuliza kama ajua kupima joto la uji. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Najua, papa. Mama hajui kwamba najua." Mama akageuka upande wa mapipa, asiseme neno.

Wasomaji wapenzi, sisemi kwamba kila mtu anywe, wala kwamba munkoyo haulevi kamwe. Ukikaa siku nyingi, na mtu akizidisha, atayumba. Wala simlaumu mtu anunuaye chupa yake kwa kiasi. Nasema tu, usiache mbachao kwa msala upitao. Kwanza tutofautishe kinywaji cha chakula na moto wa lutuku ambao hakuna aujuaye nguvu yake, tena ukikenekwa vibaya huweza kupofusha macho. Pili, anayekunywa alipe papo hapo, maana deni la mlevi mmoja ni daftari la mtoto wa mwenzake. Tatu, anayechimba mizizi aache sehemu udongoni, ili mwakani apate tena. Nne, ninyi vijana mliosoma, msione haya kwa mikono iliyowasomesha. Iandikeni kazi ya mama zenu, pimeni joto lake na siku zake, mjue sababu zake. Kwa njia hiyo itadumu. Vilima vya shaba vitachimbwa mpaka siku moja viishe. Ufundi hauishi kwa kutumiwa. Huisha unapokosa mrithi.