Kobe wa Maskati

Umeme ulirudi saa nne usiku. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa akiusubiri tangu adhuhuri, akakibonyeza kile kisahani cheupe pembeni ya kabati. Kikalia, kikazunguka mara mbili kama mbwa anayetafuta pa kulala, kisha kikaondoka kikipita chini ya meza. Mama akatoka chumbani na tasbihi mkononi.

"Nani anafagia usiku? Mnataka kufukuza riziki?"

"Bibi, si mimi. Ni mashine."

"Na mashine imetumwa na nani?"

Binti akacheka, akakizima. Usiku ule wa kiangazi cha 2023, hapa kwangu Gitega, ulimwengu mzima wa teknolojia ulishindwa na mwanamke wa miaka sabini na kitu aliyefundishwa kwamba nyumba haifagiliwi jua likishazama. Nilikubaliana naye. Si kwa sababu ya riziki; mimi nilikuwa bado sijaamini kwamba kinachozunguka pale kinafagia.

Mimi nilikulia Muyinga, mtaa wa Waswahili, katika nyumba ya sakafu ya udongo. Baba alikuwa mchuuzi wa chumvi na vitenge, ng'ombe hatukuwa nao. Kwa hiyo kila Ijumaa alfajiri nilitumwa na ndoo kwa jirani mfugaji, nikalete amase, ndivyo Kirundi kinavyoyaita mavi mabichi ya ng'ombe. Yawe mabichi kweli, maana ya jana yanavunjikavunjika mkononi na hayashiki. Mama aliyakanda na maji mpaka yakawa kama uji mzito, akitoa nyasi zisizosagika, halafu akapiga magoti kwenye ukuta ulio mbali zaidi na mlango. Mkono wake wa kulia ulichora nusu duara, akarudi nyuma hatua moja ya goti, akachora nyingine juu yake. Chumba kizima alikipaka akirudi kinyumenyume, mpaka anatoka nje na miguu haijakanyaga hata pembe moja ya kazi yake. Tukakaa nje, tukila viazi vitamu, tukisubiri sakafu ikauke.

Ikikauka haina harufu. Wageni wa mjini hawaamini hili. Inakuwa ngumu na laini kama ngozi ya ngoma, inashika vumbi lisipae, na funza hawapati udongo mkavu wa kujificha ili waingie vidole vya watoto. Jambo moja tu lilikuwa na mjadala: kama sakafu hiyo ni tohara ya kusalia. Ndiyo maana mswala wa baba haukutandikwa juu ya sakafu moja kwa moja. Kwanza mkeka, kisha mswala.

Siku nyingine zote za juma zilikuwa za fagio. Mafagio yalikuwa mawili na hayakubadilishana kazi: la uani la vijiti vigumu, la ndani la majani laini ya malishoni. Kabla ya kufagia ndani unanyunyiza maji kwa vidole, matone tu. Ukizidisha umetengeneza tope, ukipunguza umekula vumbi. Mimi nilikuwa nikipunguza, kwa uvivu wa kwenda mtungini, na kifua changu kilinilipisha. Kila ici, yaani kiangazi chetu cha Juni hadi Septemba, nilikohoa mpaka usiku wa manane.

Mwaka 1989 baba aliweka saruji sebuleni. Tukaacha kwenda kuomba amase, tukaingia katika utumwa wa polishi nyekundu. Unapaka kwa kitambaa, unaacha inyonye, unakunja kipande cha blanketi kuukuu chini ya nyayo na unaanza kucheza: mbele, nyuma, pembeni. Sisi watoto tulipenda, maana ilikuwa kazi inayofanana na mchezo. Mama hakupenda. Alisema saruji ni baridi na haisamehe magoti. Chumba cha wavulana kilibaki udongo, baba akiahidi mwaka ujao, na mwaka ujao mwingine. Kisha vita vikaja, na mwaka 1996 nchi jirani zikatuwekea vikwazo. Muyinga inategemea mpaka wa Kobero kama mtoto anavyotegemea titi. Saruji ikawa kitu cha kusimuliana. Chumba kile kilisubiri vikwazo viondolewe mwaka 1999, na kilipopata saruji yake wavulana walikuwa wamekuwa wanaume, na mimi nilikuwa nimeshaolewa Gitega.

Huku nilikuja na cherehani yangu. Nashonea sebuleni, kwa hiyo uchafu wa nyumba yangu ni wa aina mbili: vumbi jekundu linaloingia kwa miguu ya wateja, na nyuzi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba roboti za kwanza za kufagia za Roomba ziliingia madukani Marekani mwaka 2002. Mwaka huo mimi nilikuwa nikifagia na sikio moja nje, nikisikiliza kama ile ni radi au ni bunduki. Nilisoma pia habari za mzee mmoja wa Ohio, James Murray Spangler, mfagizi wa jengo aliyekuwa na pumu. Vumbi la fagio lilimtesa, basi akachukua feni, mpini wa fagio na foronya, akatengeneza kifyonza-vumbi, akakipatia hataza mwaka 1908. Baadaye aliuza hataza kwa familia ya Hoover, na jina lao ndilo dunia inalolijua. Foronya! Nilipoisoma hiyo nilimpenda mzee yule papo hapo. Ni mawazo ya mtu anayekohoa na ana kitambaa karibu.

Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, mji uliota nyumba. Kila mtu akataka makaro, ndivyo tunavyoviita vigae vya sakafu. Sisi tukafuata mwaka uliofuata, na mume wangu akachagua rangi ya maziwa. Nawaambia wazi: makaro ya rangi ya maziwa katika mji wa udongo mwekundu ni wendawazimu. Saruji yenye polishi ilificha vumbi. Haya yanaonyesha hata nyayo za kuku. Nikawa nakoropa asubuhi na jioni kwa rakleti, yaani mpini wenye mpira, na kitambaa, na bado mteja wa tatu anaacha ramani ya njia aliyopitia. Sakafu ilivyozidi kuwa nzuri ndivyo ilivyozidi kunidai.

Mwaka 2021 mtoto wa kaka yangu alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Ndio mwaka Burundi na Saudia zilipotia saini makubaliano ya wafanyakazi wa nyumbani, na mabinti wengi wa kwetu walikuwa wakitazama upande wa Ghuba. Yeye alipata njia ya Oman. Akakuta nyumba ya ghorofa mbili yenye roboti ya kufagia. Nilimwambia kwa simu, "Basi umepona, mwanangu." Alinyamaza kidogo. "Shangazi, kabla ya roboti aliyekuwapo hapa alifagia chini tu. Mimi kwa kuwa chini kuna roboti, nimepewa na juu."

Na roboti yenyewe ilikuwa mikononi mwake. Kumwaga vumbi, kukata nywele zilizojiviringisha kwenye brashi, kuitafuta chini ya vitanda inapokwama na kulalamika kwa Kiingereza. Miaka miwili aliihudumia. Bibi mwenye nyumba aliponunua mpya inayofagia na kukoropa, ile ya zamani akampa kama zawadi ya kuondokea. Akaifunga ndani ya mabuibui mawili na kurudi nayo.

Mama ndiye aliyeipa jina la kobe, na jina likashika. Kobe huyu alipata shida za mgeni. Plagi yake ya Oman ni ya meno matatu bapa. Soketi zetu ni za meno mawili ya duara, tukanunua adapta. Intaneti ya nyumbani hatuna, kwa hiyo ile programu ya simu ya kumpangia saa na kuchora ramani ya vyumba haikutufaa kitu. Tunabonyeza kitufe, basi. Umeme nao una ratiba yake. Tumekuwa tukitazamia ule wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 za kugawana sisi, Rwanda na Tanzania, ambao njia yake ya kwetu imechorwa kupita Muyinga kuja Gitega. Njia hiyo inapita miji yangu yote miwili.

Lakini adui wake mkubwa ni vumbi lenyewe. Maskati, binti alisema, kichujio alikikung'uta mara moja kwa wiki. Hapa wakati wa ici kinaziba kwa siku mbili. Vumbi letu ni laini kama unga wa muhogo, linaingia pasipoingia maji. Mwezi wa pili tangu aje, kobe akaanza vituko. Unamwasha, anapiga hatua moja, anarudi nyuma kwa hofu, anazunguka, anarudi tena, kisha anasimama na kulia. Binti alikuwa Muyinga kwenye harusi. Nikampeleka kwa fundi mmoja wa redio na simu. Akamfungua, akamtazama kwa heshima kubwa, akamfunga, akaniambia mota imekufa, nitoe pesa aagize. Kwa bahati nilikuwa sina.

Jioni binti alinipigia WhatsApp ya video. "Shangazi, mgeuze tumbo juu. Unaona vidirisha vidogo vyeusi pembeni? Hayo ni macho ya kutazama shimo. Yanapiga mwanga chini. Mwanga usiporudi, anadhani yuko ukingoni mwa ngazi. Vumbi limeyafunika. Kwake yeye nyumba yako nzima ni korongo." Nikayapangusa kwa pindo la kanga. Kobe akaondoka kama aliyesamehewa deni.

Tangu siku ile nilianza kumtazama kwa jicho la kazi. Kama cherehani, naye anataka usafi kila siku na kila sehemu kwa namna yake. Macho na zile shaba mbili anazochajia hupanguswa kwa kitambaa kikavu. Gurudumu dogo la mbele huchomolewa, maana nywele zinajifunga ndani na likikwama anaburuza na kuchora makaro. Na brashi yake kuu, katika nyumba ya mshonaji, ni balaa: kwa siku moja inavaa nyuzi za rangi zote kama kidonge cha uzi. Binti alikuwa akizikata kwa mkasi, nusu saa. Nikamnyang'anya, nikachukua kile kidude changu cha kufumulia mshono, nikakipitisha kwenye mfereji wa brashi mara moja. Dakika mbili. Alinitazama kama mtu aliyepoteza miaka miwili Maskati. Pini nazo nilijifunza kuziokota kabla, na mswala wa mama tunaukunja na kuuweka juu ya kiti, maana kobe aliwahi kuumeza kwa shada na kuuburuta mpaka jikoni, mama akimfuata nyuma akisoma dua.

Kichujio kilipochanika niliona zamu ya Spangler imenifikia. Nikashona kingine kwa kitambaa cha barakoa zilizobaki tangu Korona, tabaka mbili. Kwa macho kilikuwa kizuri kuliko cha kiwandani. Kwa kazi, hapana: kobe alipoteza nguvu, na nyuma yake hewa ilitoka na harufu ya vumbi, ile ile ya utoto wangu. Nikakohoa usiku ule. Nikamweka juu ya kabati mpaka mtu alipotuletea vichujio vinne kutoka Dar es Salaam kupitia Kobero.

Betri nayo imezeeka. Alikuja akifanya kazi saa moja na zaidi, sasa akijitahidi sana ni dakika arobaini, zinazotosha sebule na chumba cha kushonea. Pembe hafiki, kwa sababu yeye ni duara na nyumba ni ya pembe. Hizo mama anazipitia mwenyewe asubuhi baada ya sala, na fagio lake la majani, ameinama, akinyunyiza matone ya maji juu ya makaro ambayo hayahitaji. Tumemwambia aache. Anasema kobe anafagia katikati kama mkwe aliyelazimishwa.

Kikohozi changu cha kiangazi kimepungua. Siwezi kuapa ni kwa sababu ya kobe. Huenda ni kwa sababu sifagii tena.

Binti amerudi Muyinga, ambayo tangu mwaka 2025 si mkoa tena bali ni komini ya mkoa wa Buhumuza, na anajenga kwa akiba yake ya Maskati, si mbali na nyumba ya baba. Nilikwenda mwezi uliopita kuona. Fundi mwashi alinivuta pembeni, akidhani mimi ndiye mwenye akili katika ukoo. "Mama, mwambie mtoto wako. Nyumba ya kwetu bila kizingiti, mvua itaingia, nyoka ataingia. Mimi nimempimia sentimita kumi, yeye anasema hakuna kinachoruhusiwa kuzidi mbili." Nikamwuliza binti.

"Mlango wa nje nitampa kizingiti chake, Shangazi. Ndani, hapana. Zaidi ya sentimita mbili kobe hapandi."

Nyumba imefika kwenye lenta. Ina milango sita ya ndani, na yote chini ni tambarare.